Talaka ya Kiti Chekundu

Hapo zamani za juzi, enzi ambazo mabomba yalitoa upepo na redio ikatoa maji, palikuwa na nchi moja yenye amani sana. Jina lake silitaji, maana nayo haijawahi kunitaja mimi. Nchi hiyo haikuwa na mfalme wala rais, kwa kuwa vyeo hivyo vilionekana vina kazi nyingi. Ilikuwa na Mgeni Rasmi. Kazi ya Mgeni Rasmi ilikuwa kualikwa, kuchelewa, kukaa mbele, kukata utepe, na kuondoka kabla ya maswali. Kazi hiyo aliifanya kwa miaka ishirini na sita bila kuchoka, na watu walimpenda kwa amri.

Sasa siku moja, katika ziara ya kushtukiza iliyotangazwa wiki tatu kabla, Mgeni Rasmi aliingia nyumbani kwa mkulima mmoja wa muhogo, akakaribishwa kigoda. Kigoda kilikuwa na msumari, na msumari haukuwa na adabu. Suruali ikachanika kwa nyuma. Bendera zilipepea nusu mlingoti siku tatu. Mkulima hakufungwa, tusiwasingizie watu. Alihamishiwa tu mahali ambapo hakuna vigoda.

Wiki iliyofuata Waziri wa Mapokezi akanguruma redioni.

"Ndugu wananchi! Taifa lisilo na kiti haliwezi kusimama! Kuanzia leo kila kaya itanunua, kwa hiari yake na kabla ya mwisho wa mwezi, Kiti kimoja cha Mgeni Rasmi!"

Kwa bahati njema, shemeji yake Waziri alikuwa tayari na viti elfu themanini ghalani. Hata yeye alisema hajui vilifikaje.

Kilikuwa kiti hasa. Mahameli mekundu, mgongo mrefu kuliko mtu, na kwenye mikono vichwa viwili vya simba waliofanana na paka waliofiwa. Kilifungwa nailoni nzito, na nyuma kilipigwa kibati cha namba. Kanuni zake zilikuwa nyingi, ila kubwa ni moja: asikikalie mtu isipokuwa Mgeni Rasmi, siku atakayokuja. Kikikaliwa na raia, kimenajisika.

* * *

Katika Mtaa wa Mchicha aliishi fundi baiskeli aitwaye Chambuso, pamoja na mkewe Mwanamvua. Walikuwa na binti mmoja, Kidawa, aliyeolewa mbali. Chambuso alisoma hadi darasa la tatu, akaacha pale walimu walipoacha.

Watu wa Mtaa wa Mchicha walikuwa wajanja. Nyumba kumi na tisa zilichangiana kiti kimoja. Mkaguzi akiwa nyumba ya kwanza anakunywa chai, kiti kinatolewa mlango wa uani, kinakimbizwa nyumba ya pili. Akifika ya pili anakikuta kinamngoja, kinahema. Mkaguzi mmoja aliwahi kuandika kwenye taarifa yake kwamba viti vya mtaa ule vinafanana kwa namna ya kupendeza.

Chambuso hakutaka ujanja huo. Alitaka chake.

"Baba Kidawa," mkewe alimwambia, "tusubiri basi, tuone wenzetu wanafanyaje."

"Wenzetu hao hawana maendeleo, Mama Kidawa."

"Na sisi tunayo?"

"Tutakuwa nayo kesho, likifika lori."

Aliwauza mbuzi wawili wa maziwa, ambao kusema kweli walikuwa wa mkewe, akawa mtu wa kwanza mtaani kumiliki kiti. Mtendaji wa kata, Bwana Lwambano, alikuja kumshika mkono mbele ya watu na kumwita Mwananchi wa Mfano. Chambuso hakuunawa mkono ule mpaka jioni. Kilichobaki cha mbuzi ni gunia moja la pumba, likasimamishwa ukutani. Mwanamvua hakununa. Alikaa mkekani akafuma kitambaa cha kukifunika kiti, uzi wa manjano, kwa kuwa kanuni ilisema kitambaa kifumwe na mwanamke wa nyumba. Ndivyo sisi tulivyolelewa: sahani nzuri ni ya mgeni, glasi nzuri ni ya mgeni, mwenyewe anakunywa kwenye kikopo. Serikali haikutufundisha hilo. Ilikuta tumelilima, ikavuna.

* * *

Mwaka haukuisha, Mwanamvua akaanza kuhema. Kifua kilijaa maji. Akilala chali anazama, kama mtu aliye kisimani. Kwenye zahanati tabibu alimsikiliza mgongo kwa makini, maana kifaa cha kusikilizia alikuwa nacho.

"Asilale," alisema. "Aketi, mgongo wote uegemee kitu kirefu. Dawa hatuna, mzee wangu, lakini kuegemea ni bure."

Walirudi nyumbani. Nyumba ile ilikuwa na kitanda cha kamba, mkeka, vigoda viwili, na kitu kimoja tu kirefu cha kuegemea.

Mwanamvua akakitazama. Akasema polepole, kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani asiyemjua vizuri, "Baba Kidawa, nikae pale kidogo?"

Chambuso alimwangalia mkewe, akaangalia kiti, akaangalia mlango.

"Wakija kukagua je?"

"Nitainuka."

"Kitabonyea, Mama Kidawa. Wana macho wale. Vumilia, nitakutengenezea pazuri."

Akalivuta lile gunia la pumba, akalisawazisha kwa ngumi, akamwegemeza hapo. Mwanamvua akasema, "Ahsante."

Hakuomba tena. Aliomba mara moja tu. Baadaye Chambuso alikuwa akijiambia kwamba angeomba mara ya pili angekubali, bila shaka angekubali. Lakini ya pili haikuja, kwa hiyo hilo halijulikani.

Kila Alhamisi mchana Chambuso alikwenda uwanjani kwenye mazoezi ya mapokezi. Mtaa mzima ulikwenda, isipokuwa wagonjwa na wa kuwaangalia. Walifundishwa kupiga makofi kwa vituo, kupunga mkono bila kuficha uso wa mwenzao, na kucheka kabla utani haujasemwa ili kuokoa muda wa Mgeni Rasmi. Chambuso hakukosa hata Alhamisi moja. Akirudi alimletea mkewe karanga za kukaanga kwenye karatasi, na mkewe alisema, "Weka hapo, nitakula kesho."

Jumapili moja asubuhi Mwanamvua alifariki, kichwa kimelalia pumba za mbuzi wake. Chambuso alipomwinua, upande mmoja wa shavu ulikuwa na alama ya nyuzi za gunia. Waosha maiti waliipaka maji ya uvuguvugu, haikutoka.

Kiti kilikuwa pale pale, kisafi, kinamngoja mgeni.

* * *

Arobaini ilipokwisha, Chambuso alianza kulaumu. Alimlaumu Waziri, akamlaumu shemeji yake Waziri, akamlaumu Mtendaji na mkono wake, akailaumu redio na aliyeigundua. Lawama zile zilikuwa za haki na zilitosha kuwagawia wote. Ila kila jioni, akishawagawia, ilibaki kidogo, na hiyo iliyobaki haikuwa na wa kumpa. Siku ile mkewe alipoomba, hakukuwa na Waziri ndani. Hakukuwa na Mtendaji. Walikuwapo wawili tu, na mmoja aliomba.

Akaamua kiti kitoke.

Alikipeleka jalalani. Kabla hajafika nyumbani, raia wema sita walikuwa wamekibeba begani wanakirudisha kwa wimbo. Alitaka kumpa jirani yake, Mama Tungaraza, mjane mwenye sauti kubwa na moyo mkubwa zaidi.

"Thubutu!" Mama Tungaraza alisema. "Mie nimejikwepesha na kiti hicho mwaka mzima, leo uniletee kwa zawadi? Nenda ofisini, shemeji. Kilikoingilia ndiko kinakotokea."

Ofisini Bwana Lwambano alifungua kabati, akatoa fomu.

"Una bahati," alisema. "Wizara haikuwahi kutunga fomu ya kuachana na kiti, kwa sababu haikufikiria mtu atapungukiwa akili kiasi hicho. Lakini sisi hatumwachi mwananchi hivi hivi. Tumeazima fomu ya talaka, tukafuta neno 'mke' tukaandika 'kiti'. Kila kitu kingine kinafuatwa kama kilivyo."

Akachukua kalamu. "Mmeishi pamoja muda gani?"

"Mwaka na miezi mitatu."

"Kiti kimewahi kukutukana?"

"Hapana."

"Kinatoka nyumbani bila ruhusa?"

"Kiti hiki, Mtendaji?"

"Jibu tu, mzee. Kuna viti huku mtaani vinazurura nyumba kumi na tisa."

Chambuso akasema hakitoki.

"Basi kosa lake ni nini?"

Chambuso alifungua mdomo. Neno lilikuja mpaka kwenye meno, likarudi. "Sikitaki tu," alisema.

Ikabidi kwanza lifanyike baraza la usuluhishi, kwa kuwa fomu ilitaka suluhu ijaribiwe. Kiti kililetwa kwa mkokoteni, kikawekwa juu ya meza ili wawe sawa kimo. Wazee watatu wa baraza walimwonya Chambuso kwamba hasira ni hasara. Kisha wakakigeukia kiti.

"Una lolote la kusema?"

Kiti kikanyamaza.

"Kina adabu," alinong'ona mzee mmoja. "Vya siku hizi havipo hivi."

"Kionee huruma, Chambuso," alisema mwingine. "Umekitoa dukani kingali na nailoni yake, leo unakirudisha duniani peke yake."

Watu waliojazana dirishani walicheka mpaka wakakohoa. Chambuso hakucheka. Alikuwa akifikiri kwamba haya yote, kuulizwa hali, kuonewa huruma, kuwekwa mahali pa juu, mkewe hakufanyiwa hata siku moja.

Suluhu iliposhindikana, kiti kikaandikiwa talaka moja, kikaamriwa kurudi nyumbani kukaa eda miezi mitatu, kisitazamwe na mnunuzi. Siku moja kabla ya eda kuisha angekuja Mkaguzi wa Mikao kuthibitisha kwamba hakijakaliwa. Kikiwa salama kingerudishwa ghalani kwa shemeji wa Waziri, ambaye angekiuza upya kwa huruma.

* * *

Mkaguzi alikuja akiongozana na Bwana Lwambano aliyebeba muhuri. Alikuwa kijana aliyesomea mikao ng'ambo miaka minne, naye alikuja na lenzi, futi ya kamba, na pima maji ya waashi. Mama Tungaraza alisimama mlangoni, na nyuma yake mtaa.

Mkaguzi alikitoa kile kitambaa cha manjano, akalaza pima maji juu ya kalio la kiti. Kipovu kikatoka katikati, kikaenda pembeni kama mtu anayeaga.

"Mzee, kiti hiki kimekaliwa."

"Hapana, mwanangu."

"Mheshimiwa Mkaguzi."

"Hapana, Mheshimiwa mwanangu. Mimi mwenyewe nimekilinda."

Mkaguzi akazunguka nyuma. Pale chini ya kibati cha namba nailoni ilikuwa imepasuliwa mpasuo mrefu, kisha ikashonwa tena, kushona kwa mnyororo, ndogondogo, safi. Uzi ulikuwa wa manjano.

Chambuso aliujua uzi ule.

Mkaguzi akautatua kwa kisu, akaingiza mkono kati ya kalio na mkono wa simba, akawa anatoa vitu na kuvipanga sakafuni huku akivitaja kwa sauti ya mahakama. "Kibanio cha nywele, kimoja. Sindano ya kufumia, moja, ina uzi. Maganda ya karanga..." Akayachota. Akachota tena. "Maganda ya karanga, mengi."

Chambuso alichuchumaa akaokota ganda moja. Lilikuwa na masizi ya muuza karanga wa uwanjani, yule anayezikaanga kwa mchanga.

"Mama Tungaraza," alisema bila kugeuka. "Wewe ndiye uliyekuwa unabaki naye."

Mama Tungaraza alikuwa akilia. Kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo. "Aliniapisha, shemeji. Kila Alhamisi ukishapinda kona. Tunaivua nailoni kwa ule mpasuo, namkalisha pale mpaka tunasikia watu wanarudi, kisha anaushona. Alikuwa anapumua, wallahi, anapumua kama mtu. Anakula karanga zako moja moja. Anasema, 'Usimwambie Baba Kidawa. Akijua ataogopa, na akiogopa hali chakula.'"

Chambuso akabaki amechuchumaa. Saa nne kwa wiki. Mkewe alikuwa na pumzi saa nne kwa wiki, nazo ni zile saa ambazo yeye hakuwapo. Alikuwa amejifunza kuvizia mumewe aondoke ili apumue. Na hata wizi huo aliufanya kwa kumwonea huruma yeye.

"Haya," Mkaguzi alisema, akifungua daftari. "Kiti kimenajisika. Kitachomwa moto hadharani. Aliyekaa ni marehemu, kwa hiyo tunamsamehe kwa sasa. Aliyemkalisha atajibu. Nani alimkalisha?"

Mama Tungaraza akavuta pumzi ya kujibu.

"Mimi," alisema Chambuso.

"Wewe?"

"Andika. Mumewe."

Bwana Lwambano akakohoa. "Mzee, wewe Alhamisi ulikuwa uwanjani. Ninalo daftari la mahudhurio. Hukukosa hata moja. Nilikuwa nakutolea mfano."

Hakuna tusi Chambuso alilowahi kutukanwa lililomwingia kama sifa ile.

"Daftari limekosea," alisema. "Nikishaitwa jina nilikuwa natoroka."

"Ningekuona!"

"Kwa macho gani, Mtendaji? Ulikuwa umelala pale jukwaani. Tukipiga makofi unashtuka, unainama kama unashukuru, unalala tena. Muulize yeyote hapo nje."

Nje mtaa ukaitika, "Kweli!" kwa kituo kimoja safi, kama walivyofundishwa. Mkaguzi akamgeukia Mtendaji na kalamu yake. Bwana Lwambano akaangalia muhuri, akaangalia dari, akaona kwamba mwananchi akikiri kosa si vizuri kumvunja moyo.

"Andika alitoroka," alisema haraka. "Mambo ya jukwaani yasiingie."

"Niandike vipi?" Mkaguzi akauliza.

Chambuso akamsemea polepole, neno kwa neno, kama mtu anayeagiza sanda. "Andika: alimkalisha mkewe mgonjwa katika kiti hicho, kwa mikono yake mwenyewe, kila Alhamisi. Akambandika kitambaa mgongoni. Akamwambia pumzika."

"Hayo ya mwisho si lazima."

"Andika."

Akaandika. Kisha akawaita vijana wakitoe kiti kikachomwe. Hapo Chambuso akainuka, akasimama mbele ya kiti.

"Hakitoki. Nimebadili nia. Sikiachi."

"Mzee!" Bwana Lwambano alipiga paja. "Umesumbua ofisi miezi minne! Umekiandikia talaka!"

"Talaka moja. Na eda inaisha lini?"

"Kesho."

"Basi leo bado ni mke wangu. Fomu yenu inasemaje? Mwanamume aliyeacha kwa talaka moja, kabla ya eda kuisha?"

Mama Tungaraza akadaka kutoka mlangoni, sauti yake imerudi yote. "Ana haki ya kumrejea! Hata mtoto wa chuoni anajua!"

"Nimekirejea," alisema Chambuso. "Mbele ya mashahidi."

Wakubwa wale wawili waliisoma fomu mbele na nyuma. Kila kitu kingine kinafuatwa kama kilivyo, iliandikwa hivyo, na saini chini ni ya Bwana Lwambano. Na mke aliyerejewa hakuna kifungu cha kumchoma moto. Waliondoka na alama ya kidole gumba cha Chambuso kwenye karatasi. Wiki mbili baadaye alisomewa hukumu: asikae tena katika kiti chochote cha hadhara maisha yake yote, awe anasimama. Akapewa na Hati ya Hatia, yenye muhuri wa rangi mbili. Aliitia fremu.

* * *

Niseme na hili, maana waandishi wa magazeti walilisema vingine. Miaka miwili baadaye msafara wa Mgeni Rasmi ulipata pancha mbele ya kibanda cha fundi baiskeli. Hii ilikuwa ziara ya kushtukiza ya kweli, ya kwanza katika historia. Jua lilikuwa kali, na Mgeni Rasmi alikuwa amezeeka. Aliingia ndani kwa Chambuso akitweta, Bwana Lwambano nyuma yake amegeuka rangi.

"Ah," Mgeni Rasmi alisema, akakiona kiti chekundu. "Kumbe mlininunulia."

Akanyoosha mkono kwenye kichwa cha simba.

"Mheshimiwa, hapana!" alilia Bwana Lwambano. "Hicho kimekaliwa na raia! Kanuni haziruhusu!"

"Nani alikikalia?"

"Mgeni," alisema Chambuso. Akalivuta gunia la pumba kutoka ukutani, akalisawazisha kwa ngumi. "Karibu hapa, mheshimiwa. Egemea. Mwenzio aliegemea hapo hapo, akasema ahsante."

Mgeni Rasmi alilitazama gunia, akamtazama Chambuso, na inawezekana alielewa, inawezekana ni jua tu. Alibaki amesimama mpaka gurudumu likafungwa. Magazeti ya kesho yake yakaandika kwamba Mgeni Rasmi amechagua kusimama pamoja na wananchi wake.

Vumbi lilipotulia, mtaa wote ulimjia Chambuso kumpongeza. Umewakomesha, mzee. Umemlipia Mama Kidawa. Akawaitikia mmoja mmoja mpaka wakaisha. Alipobaki na Mama Tungaraza peke yake, akaketi mkekani, mgongo kwenye pumba, akakielekea kiti. Yeye mwenyewe hakuwahi kukikalia.

"Shemeji, nisomee," alisema.

Mama Tungaraza akaiteremsha fremu ukutani. Kusoma anajua, na yaliyotokea anayajua, maana mikono yenyewe ilikuwa yake. Akasoma hata hivyo. "'Alimkalisha mkewe mgonjwa katika kiti hicho, kwa mikono yake mwenyewe, kila Alhamisi...'"

"Rudia pale pa mikono."

"'Kwa mikono yake mwenyewe.'"

"Serikali ndiyo imesema hivyo?"

"Na muhuri imepiga, shemeji."

"Haya," alisema Chambuso, akafumba macho. "Rudia."

Hadithi imekomea mkekani hapo. Yaliyo mema ndani yake yametokana na juhudi za viongozi wetu. Yaliyo mabaya ni yetu wenyewe, kila mtu achukue lake aende nalo kwake.